Matanga ya Kapteni

Kioo cha mlangoni kilikuwa kimefunikwa shuka. Hilo ndilo jambo la kwanza Nzigire aliloliona asubuhi ile alipoingia nyumbani kwa Bibi Una. La pili, saa kubwa ya ukutani ilikuwa imesimama. Mapazia yalikuwa yamefungwa ingawa nje kulikuwa na jua, lile jua la Februari linalong'aa juu ya theluji bila kumpa mtu joto. Mezani palikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu na koti la kijeshi, na mbele ya picha mshumaa unawaka. Bibi Una mwenyewe, ambaye kwa kawaida Nzigire humkuta kitandani akilalamikia uji, alikuwa tayari kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa gauni jeusi lililopishana vifungo.

Nzigire alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba hiyo. Aliweka mkoba wake chini taratibu.

"Bibi Una, kuna nini?"

"Ni siku ya Kapteni," alisema mzee. "Na hakuna aliyekuja. Hakuna anayekuja."

Kwao Nzigire, katika milima ya Walungu huko Kongo, nyumba yenye msiba haiulizwi maswali ukiwa umesimama. Akavua buti zake, akaketi sakafuni karibu na magurudumu ya kile kiti, akazishika nyayo za bibi ambazo hata ndani ya soksi mbili zilikuwa baridi.

"Pole sana, Bibi. Alikuwa nani wako?"

"Wa ukoo wangu. Akina Considine tulikuwa wengi. Sasa nimebaki mimi."

"Aliugua nini?"

"Mapafu. Huu upepo wa ziwani."

"Na saa ya mwisho alikuwa na nani?"

Bibi Una aligeuza kichwa kumtazama. Macho yake yalikuwa ya bluu iliyopauka, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

"Unajua, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo," alisema. "Hakuwa na mtu. Alikufa dirishani peke yake. Theluji ilikuwa imeziba barabara, jeneza likakaa bandani hadi kaburi lilipochimbika. Hapakuwa na misa. Hapakuwa na aliyelia."

Nzigire hakuhitaji kusikia zaidi. Aliomba ruhusa: je, watu wachache wakija kukupa pole, utakubali? Bibi Una aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Nzigire hakuwahi kuisikia kwake, "Kwa ajili ya Kapteni?" Alipoambiwa ndiyo, alianza kuvifungua vile vifungo ili avifunge upya vizuri.

Nzigire akaenda jikoni akampigia simu Mama Rakeli, kiongozi wa kina mama wa Kongo wa upande huu wa Buffalo, mtu ambaye hajawahi kukosa msiba.

"Mama Rakeli, bibi ninayemtunza amefiwa."

"Yule mzungu wa uji? Analia?"

"Halii. Amekaa tu na mshumaa. Hana mtu hata mmoja."

"Hata jirani?"

"Hata jirani."

"Hapana, hii si namna ya kuishi," alisema Mama Rakeli, na sufuria ilisikika ikigonga sufuria. "Bon. Nipe anwani. Leo tuko saba hatuna zamu. Zabroni atatuleta na vani yake. Na wewe, Mama Chimène, tayarisha historia."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Nzigire, ambaye wenzake humwita kwa jina la bintiye, ingawa Mama Rakeli hakulikusudia.

Historia ya marehemu ndiyo ilikuwa kazi ya Nzigire, kazi isiyo na mshahara. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Miaka mitatu ya kwanza Marekani aliishi Louisville, mtaa wa Iroquois, akikata kuku kiwandani. Huko ndiko alikomwandikia mzee mmoja wa kanisani historia yake ya kusomwa makaburini, na watu wakasema haijapata kusomwa nyingine kama ile. Alipohamia Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kukaa na mdogo wake Clémence na kubeba makasha katika ghala, sifa ile ilimfuata. Mgongo ulipokataa makasha, akaja Buffalo kwenye kazi ya kutunza wazee, na sifa ikapanda basi pamoja naye. Katika miji yote mitatu, mtu akifa, simu yake inalia. Yeye huketi na ndugu wa marehemu, na daftari lake la jalada la bluu, na huuliza kwa utaratibu uleule: jina, wazazi, ukoo, mlima aliozaliwa, ubatizo, shule, ndoa, watoto, kazi, safari, ugonjwa. Mwisho kabisa huuliza habari ya saa ya mwisho, na hiyo haitolewi na mtu yeyote isipokuwa aliyekuwepo. Hakuna anayekula chakula cha matanga kabla ya historia kusomwa. Na mtu ambaye historia yake haina saa ya mwisho, watu wa kwao wanamhesabu kuwa bado yuko njiani.

Mama yake mzazi, M'Bagula, alikuwa njiani kwa miaka ishirini.

Wote walijua kisa hicho, kwa vile Nzigire mwenyewe ndiye aliyekisimulia. Watu wenye bunduki walishuka kijijini alfajiri. Yeye alikimbia na binti yake Chimène, aliyekuwa na miaka mitatu, na M'Bagula. Njiani, katika msongamano wa watu, walipotezana na mama. Tulipotezana: ndivyo alivyomwambia Clémence, ambaye siku ile alikuwa sokoni Bukavu, ndivyo alivyomwambia kaka yao Byamungu, ndivyo alivyowaambia wazungu wa kambini waliokuwa wakiandikisha wakimbizi. Neno hilo alilisema mara nyingi hadi likawa laini mdomoni.

Halikuwa kweli. Hawakupotezana. Nzigire alimwacha mama yake uani, ameketi, nyonga yake ikiwa imevunjika tangu msimu wa kupanda, na hakurudi.

Sasa, mwezi mmoja nyuma, Byamungu aliyebaki Bukavu alikuwa amepiga simu. Majirani wa zamani walikuwa wamemwonyesha kaburi, nyuma ya migomba. Wao ndio waliomzika, siku ya tatu. Kungoja kumekwisha, matanga yanaweza kukaliwa. Clémence akapanga Jumamosi hii, nyumbani kwake Reynoldsburg, na kila jioni alikuwa akimpigia simu, akimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, historia ya Mama umefika wapi?"

"Nimefika kwenye ndoa."

Kesho yake: "Yaya, umefika wapi?"

"Kwenye watoto."

"Yaya! Mama alizaa watatu tu. Utawaandika wiki nzima?"

Nzigire alicheka kwenye simu, kisha akakaa na daftari lake akiutazama ukurasa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa isipokuwa mistari michache ya chini. Jumamosi ilikuwa imebakiza siku nne.

Saa saba mchana kina mama saba walifika, wakakung'uta theluji mlangoni, wakapanga buti zao kama watoto wa shule, wakaingia na sufuria zimefungwa kwa vitambaa: fufu, sombe ya majani ya mihogo, maharage, wali, na birika la chai ya maziwa ambalo Zabroni alilibeba mbele yake kama padre aliyebeba monstransi ya Ekaristi. Mmoja mmoja waliinama mbele ya Bibi Una, wakamshika mikono yote miwili, wakasema pole. Kisha wakaketi sakafuni wakiegemea kuta, na wale Wakatoliki wakaanza Rozari kwa Kiswahili. Bibi Una hakuelewa hata neno, lakini alitambua mwendo wake. Kila walipomaliza Salamu Maria, yeye alijibu nusu ya pili kwa Kiingereza, akiharakisha kidogo ili asiachwe. Mama Rakeli, ambaye ni Mpentekoste na hajui Rozari, alisema Amina kwa nguvu kila alipopata nafasi.

Walipokwisha, Mama Rakeli alijisogeza mezani kuitazama picha.

"Mume wake?" alimnong'oneza Nzigire. "Hii koti, mbona ya kizamani hivi? Muulize alikufa saa ngapi."

Nzigire akauliza.

"Asubuhi," alisema Bibi Una. "Tarehe tisa Februari, mwaka elfu moja mia nane tisini na saba."

Nzigire hakutafsiri. Wenzake walimngoja. Mwishowe ilibidi aseme, na akasema akiitazama sakafu.

Zabroni, mlangoni, alihesabu kwa vidole, akaishiwa vidole.

"Donc," alisema Mama Rakeli polepole, "tumekuja kumlilia mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa?"

Mtu mmoja aliguna, mwingine akaziba mdomo kwa kitenge, kisha kicheko kikawatoka wote, kile kicheko cha msibani ambacho ukikizuia kinakutoka machoni. Nzigire alitamani sakafu immeze. Lakini Bibi Una naye alikuwa akicheka, mabega yake membamba yakitikisika.

"Zigi," alisema, maana jina lote lilimshinda, "ulidhani amekufa leo?"

"Kioo, Bibi. Saa. Nilidhani..."

"Ulidhani sawasawa. Ndivyo tunavyofanya. Baba yangu alizaliwa asubuhi ileile aliyokufa Kapteni, chumba cha pili. Wakunga, maji ya moto, kelele. Nyumba nzima ilikuwa ikimshangilia mtoto, na mzee dirishani akakata roho bila mtu kumwona hadi wakati wa chakula. Baba hakuwahi kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Alifunika vioo. Aliponifia, nikaendelea mimi. Jana nilimfanya msichana wa zamu ya jioni apande kwenye kigoda kufunika hicho, akaniona nimerukwa na akili."

Nzigire alitafsiri hilo lote. Kicheko kilikuwa kimetulia. Mama Rakeli alifuta macho, akaifunga skafu yake upya.

"Bon. Sufuria zimeshafika," alisema. "Na huyu baba hakuliliwa, si ndiyo? Kama hakuliliwa, hakuliliwa. Hesabu ya miaka ni shauri lake mwenyewe. Lakini mimi sili bila historia. Mwambie bibi aseme historia ya marehemu."

Basi Bibi Una akaisema, na Nzigire, akiwa amepiga magoti pembeni ya kiti, akaifanya Kiswahili.

Aliitwa Malaki Considine. Alizaliwa magharibi ya Ayalandi, mkoa wa Clare, mahali ambapo mashamba yamezungushiwa kuta za mawe na baada ya mashamba ni bahari. Baba yake alilima ardhi ya bwana mwingine. Malaki alipokuwa na miaka kumi na miwili, viazi vilioza ardhini, mwaka mmoja, na wa pili, na wa tatu. Kina mama waliguna. Njaa ya mwaka wa tatu walikuwa wanaijua. Katika nyumba ya watoto saba walibaki wawili, Malaki na mdogo wake Denis. Mama yao aliwashika mikono akawapeleka mjini, akawaingiza katika jeshi la malkia wa Waingereza, yaani watu walewale waliokuwa wakiwatoza kodi ya ardhi.

"Jeshi la maadui?" aliuliza mama mmoja.

"Jeshi lilikuwa na mkate," alisema Bibi Una, na swali hilo halikurudiwa.

Wakapelekwa vitani Krimea, kwenye Bahari Nyeusi, kuuzingira mji wenye ngome. Siku ya shambulio kubwa, Malaki alitoka handakini mara tatu chini ya risasi kuwarudisha majeruhi. Kwa ajili ya siku hiyo alipandishwa kuwa afisa, jambo ambalo halikuwa la watoto wa walalahoi, na malkia mwenyewe akambandika kifuani msalaba wa shaba. Alitumikia Uhindi, akaoa, akafiwa na mke. Uzeeni alimfuata mwanawe hapa Buffalo, aliyekuwa akipakua nafaka kwenye meli za ziwani. Akaketi kwenye dirisha lile pale, miaka minane, na kila mlo alitaka sahani mbili ziwekwe mbele yake. Moja alikula. Ya pili ilibaki tupu, na ole wake mtoto aliyeigusa.

Bibi Una akaomba kopo la chai lililokuwa kabatini. Ndani yake mlikuwa na ule msalaba, mdogo kuliko walivyofikiri, mweusi, hauna mng'ao. Mama Rakeli aliupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito.

"Hii tu?"

"Hiyo tu. Na kwenye vitabu vya serikali kuna mistari sita juu yake. Watu wa makumbusho wamekuja mara mbili kuutaka huo msalaba, na hiyo mistari sita wameijua kwa moyo. Lakini hii," alisema, akitoa karatasi iliyokunjwa ambayo mikunjo yake ilikuwa karibu kukatika, "hii ilikutwa chini ya sahani ya pili. Alimwandikia mwanawe. Ndiyo saa yake ya mwisho, Zigi. Sina nyingine."

Akavaa miwani, akaanza kusoma, sentensi moja moja, akimngoja Nzigire.

"Mwanangu," alitafsiri Nzigire, "umeambiwa kwamba baba yako alirudi mara tatu. Ni kweli. Mara ya kwanza nilimtoa mtu nisiyemjua, na ya pili vilevile. Mara ya tatu nilimkuta mdogo wangu Denis, amelala ubavu. Pembeni yake palikuwa na askari wa kikosi kingine, akimwita mama yake. Wote wawili walikuwa hai."

Bibi Una akasoma sentensi iliyofuata. Ilikuwa fupi.

Nzigire alifungua mdomo. Aliisikia vizuri, na kila neno lake alilijua.

"Alisema nini?" aliuliza Mama Rakeli.

"Nilikuwa na mgongo mmoja," alisema Nzigire.

Bibi Una alikuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Nilikuwa na mgongo mmoja," alirudia Nzigire. "Nikamchukua mtoto."

"Mtoto gani?" aliuliza yule mama mmoja. "Si alisema askari?"

"Nyamaza," alisema Mama Rakeli, bila ukali. Alikuwa akimtazama Nzigire jinsi anavyotazama sufuria iliyo karibu kufurika. "Mama Chimène. Maliza ya Kapteni kwanza."

Akaimalizia, sauti yake ikiwa chini kiasi kwamba Zabroni alitoka mlangoni akasogea. Denis alisema, mchukue huyo, mimi nitangoja. Nikamwambia, naja sasa hivi. Nilipofika handakini tarumbeta ya kurudi nyuma ilikuwa imeshalia, na afisa wangu akanishika mkanda. Ningeweza kumpiga nikajinasua. Sikumpiga. Nimeufikiria mkanda huo miaka arobaini. Malkia aliponibandika msalaba, mkono wake ulikuwa mdogo, na mimi nikawaza kwamba anampamba mtu aliyemwacha ndugu yake. Sahani mnayoiona mezani ni ya Denis. Alisema atangoja.

Mama Rakeli ndiye aliyeanzisha wimbo, ule wa kuaga ambao Wakatoliki na Wapentekoste wote wanaujua, na wote wakaupokea, na wakalia. Kila mmoja wao alikuwa na mtu wake huko nyuma, kwa hiyo machozi hayakutafutwa mbali. Bibi Una aliketi wima katikati yao, gauni lake jeusi limefungwa sawasawa, akipokea kilio hicho kwa niaba ya Kapteni. Kisha wakala. Bibi Una aliomba sahani moja zaidi iwekwe, na alipoona imewekwa tupu akatikisa kichwa, akaonyesha sombe. Mama Rakeli akaijaza hadi ukingoni.

Kesho yake kioo kilikuwa wazi na saa inatembea. Nzigire alimvalisha bibi, akampa uji, akasikiliza lawama za uji. Wakati akimchana nywele, kutoka nyuma, Bibi Una alisema:

"Jana ulikwama kwenye ule mgongo. Wewe ulimwacha nani?"

Kitana kilisimama. Haikuwahi kuwa rahisi hivyo kusema: kichwa cheupe kimeinamishwa mbele yake, uso haumwoni.

"Mama yangu."

"Na nani anajua?"

"Hakuna. Jumamosi historia yake inasomwa. Saa yake ya mwisho nitaiandika usiku wa kuamkia, nimpe mtu mwingine asome. Mimi nitakaa nje."

Bibi Una alikunja mikono yake mapajani.

"Kapteni alifanya hivyo," alisema. "Aliandika vizuri sana, akaondoka. Babu yangu aliikuta karatasi chini ya sahani, na maisha yake yote alikuwa na maswali. Denis alikuwa na umri gani siku ile? Nywele zake zilikuwa za namna gani? Alilia? Baba yangu akarithi maswali hayo, nami pia. Karatasi huwezi kuiuliza, Zigi. Mimi sijawahi kumlaumu yule mzee kwa kuwa na mgongo mmoja. Namlaumu kwa kutungoja tutoke chumbani ndipo aseme."

Ijumaa Nzigire alipanda basi la Columbus na daftari lake. Ohio ilipita dirishani, mashamba meupe, maghala, tena mashamba. Hakuandika kitu.

Sebule ya Clémence ilikuwa imeondolewa makochi na kujazwa viti vya kanisa. Watu arobaini walikuwepo, na simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai ili Byamungu, huko Bukavu, aone kila kitu. Chimène alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville tangu asubuhi, peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu sasa, mrefu kuliko mama yake. Alimkumbatia mlangoni akamuuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa, na Nzigire alimjibu kwa Kiswahili kwamba atajua baadaye.

Alisoma. Felisita M'Bagula, binti wa Bagula, alizaliwa kwenye kilima fulani, akabatizwa na padre fulani, akaolewa, akazaa, akalima maharage ambayo watu walikuja kuomba mbegu zake kutoka mabonde matatu. Watu waliitikia na kutabasamu pale walipomtambua. Alifika chini ya ukurasa. Clémence, mbele kabisa, alikuwa amekwisha kukifunika kichwa chake kwa kitenge, tayari kwa neno analolijua.

Nzigire akalifunga daftari.

"Hatukupotezana," alisema.

Akasema mengine kwa macho yaliyofunguka, akimtazama mdogo wake. Kwamba bunduki zilisikika upande wa kisima. Kwamba Mama alikuwa uani na nyonga yake, hawezi kusimama. Kwamba yeye, Nzigire, alizunguka zunguka kama kuku, akimnyanyua Mama, akimweka, akimnyanyua mtoto, akimweka. Mama ndiye aliyemvuta Chimène kwa mkono, akampandisha mgongoni mwa Nzigire aliyekuwa amechutama, akamfunga kwa kitenge. "Nikamwambia, nakuja kukuchukua. Hakunijibu hilo. Alisema, fundo likilegea usisimame kulifunga. Nikaenda. Nilifika mtoni. Ningeweza kurudi kutoka mtoni, bado njia ilikuwa wazi. Sikurudi."

Mtoto wa mtu alilia chumba cha ndani, akanyamazishwa. Chimène alikuwa ameweka kiganja kifuani pake, chini ya shingo. Clémence alikuwa ameinuka.

"Miaka ishirini, Yaya."

"Ndiyo."

"Kila nilipokuuliza. Hata siku ile hospitalini, nikiwa nazaa, nikakuuliza."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Clémence alitembea hatua mbili hadi kwenye meza ya chakula, akawapa mgongo. Watu walitazama mikono yao. Mabega yake yalipanda yakashuka. Aliporudi, alivuta kiti akakiweka mbele ya dada yake, karibu hadi magoti yao yakagusana, akaketi.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

"Kitenge kile cha samaki. Na sweta ya Byamungu."

"Sweta yangu ya kijani?" ilisema simu kutoka kwenye chupa ya chai.

"Hiyo hiyo."

"Mimi nilisema imeibwa. Niligombana na jirani."

Kicheko kilimponyoka mtu nyuma, kikakatikia njiani. Clémence hakugeuka.

"Alikuwa amekula?"

"Kiazi kimoja. Kingine alikuwa amemwekea Chimène."

"Alilia?"

"Hapana. Alikuwa na hasira. Alisema namchelewesha."

Clémence akaitikia kwa kichwa; mama huyo alimtambua. Alivuta pumzi kama anayekunywa.

"Fundo alilifunga wapi?"

Nzigire akaushika mkono wa mdogo wake, akauweka kwenye mfupa wa bega lake mwenyewe. "Hapa. Kisha akalivuta, akafunga tena, hapa. Alama yake ilikaa siku nyingi."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Chakula kilikuwa kinapoa na hakuna aliyekigusa. Chimène alikuwa amekuja akachutama kando yao, mkono wake wa pili umeshika ukingo wa kiti.

"Nionyeshe tena," alisema Clémence.